Kumaliza na Kuhitimu

Kila Januari wapo wasomaji wanaojiwekea idadi. Huyu huandika katika daftari kwamba mwaka huu atasoma vitabu 12, yule 24, na mwenye pumzi zaidi hujipangia 52, kila wiki kimoja. Mtandao wa Goodreads uliigeuza desturi hiyo kuwa shindano la dunia nzima mwaka 2011, na mpenzi wa riwaya za upelelezi ana nafasi nzuri ndani yake, kwa kuwa riwaya hizo hujisomesha zenyewe: maiti ikishaonekana, mtu halali mpaka amjue muuaji. Unguja nayo haikosi wasomaji wa aina hii. Ila Unguja haina mwaka mmoja. Upo mwaka wa skuli na maofisi, unaoanza Januari. Upo wa Hijria, ambao kila ukipita huisogeza Ramadhani nyuma siku kumi au kumi na moja. Na upo wa Makunduchi, unaoingia Julai kwa Mwaka Kogwa, watu wakachapana kwa migomba uwanjani, kibanda kikatiwa moto, na vinyongo vya mwaka mzima vikaachwa pale pale. Makunduchi ndiko alikozaliwa, mwaka 1918, Muhammed Said Abdulla, mtu aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Basi anayesema katika kisiwa hiki kwamba ana lengo la mwaka, aulizwe kwanza: mwaka upi? Wa Makunduchi haufungwi kwa kuhesabu kilichopatikana, hufungwa kwa watu kulipana hasira walizodaiana. Swali hilo si la mzaha kama linavyosikika, maana ndani yake mna jingine zito zaidi: idadi ya vitabu inapima nini kwa aliyevisoma, na je, mbele ya dini na mbele ya akili ina uzito wowote?

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, nasi huvitumia kana kwamba ni kimoja. Kumaliza ni kukifikisha kitu pahala ambapo hakibaki tena: unamaliza wali, unamaliza fedha, unamaliza mafuta ya taa. Kuhitimu kumetujia kutoka Kiarabu, katika neno la kutia muhuri. Hata tukisema kwa mazoea kwamba mtoto wa chuoni amemaliza msahafu, neno la heshima yake ni kuhitimu, na neno hilo hilo ndilo tunalompa anayetoka chuo kikuu na shahada yake. Katika kuhitimu yumo mtu wa pili. Mwalimu amemsikiliza mtoto, mtahini amemwuliza mwanafunzi. Mtu anaweza kumaliza peke yake chumbani, lakini hajihitimishi mwenyewe. Kisha ipo hitima tunayomsomea maiti, ambapo watu hugawana juzuu, kila mmoja na fungu lake, na thawabu ya kisomo kizima ikaombewa asiyeweza tena kusoma. Neno moja limebeba muhuri, mtihani na zawadi. Kumaliza hakuna hata kimojawapo. Nionavyo mimi, lengo la mwaka halina kosa kwa kuwa ni idadi. Kosa lake ni kitenzi linachokihesabu. Linahesabu vilivyomalizwa, na kuvipa fahari ya vilivyohitimiwa.

Asifikiri mtu kwamba dini huidharau namba. Msahafu umejaa hesabu: sura 114, juzuu 30, hizbu 60, na katika chapa ya Madina iliyoenea misikitini ni kurasa 604. Anayesoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi hupata ishirini kwa siku, ambazo ni kama juzuu moja, na Ramadhani ikiisha amehitimu. Huo ni mpango wa kusoma wenye tarakimu kamili, na hiyo juzuu ya kila siku watu wa Mji Mkongwe waliijua kabla ya kuja kwa kompyuta. Lakini tazama namba hiyo ilivyoelekezwa tangu mwanzo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Abdullah bin Amr bin al-As, kijana mwenye bidii ya kupindukia, aliambiwa na Mtume asome Qurani yote kwa mwezi. Akasema anaweza zaidi. Akapunguziwa muda, akasema anaweza zaidi, mpaka ikafika siku saba, akaambiwa asizidishe hapo. Katika upokezi wa Abu Daud na Tirmidhi imeelezwa kwamba anayeisoma kwa chini ya siku tatu hakuifahamu. Kijana ndiye aliyekuwa akivuta kwenye wingi. Nasaha ilikuwa ikivuta kwenye uchache. Sehemu ya hadithi hiyo inayosahauliwa ni ya uzeeni: Abdullah alipokuwa mkongwe alitamani lau angeikubali ile ruhusa ya mwanzo, huku akiendelea kwa taabu na kiwango alichojitwika mwenyewe. Kila aliyefika Novemba akiwa na deni la vitabu kumi anaweza kumwelewa.

Upande wa pili yupo Ibn Umar. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Ibn Umar alichukua miaka minane kujifunza Surat Al-Baqara. Sura hiyo ina aya 286. Kwa vipimo vya leo, mtu huyo angekuwa msomaji hafifu kabisa, hata kitabu kimoja hajatimiza kwa miaka minane. Hakuna mwanachuoni aliyemwita hivyo, kwa sababu kilichokuwa kikihesabiwa si kurasa alizozipita bali aya zilizomwingia katika mwenendo. Ghazali naye, katika Ihya, alipoandika juu ya adabu za kuisoma Qurani, alizipanga kumi za dhahiri na kumi za batini. Kiasi cha kusoma kwa siku alikiweka katika zile za dhahiri. Katika za batini hakuna namba yoyote ya kutimiza. Mna kuhudhurisha moyo, kuzingatia, kufahamu, kuondoa vizuizi vya ufahamu. Mpangilio wenyewe ni hoja: kiasi ni mlango wa nje, hakikukatazwa wala hakikupewa chumba cha ndani.

Mtu anaweza kupinga hapa kwa haki kabisa. Zimepokewa habari za watu wema waliohitimu Qurani nzima kwa usiku mmoja, na Sayyidna Uthman anatajwa miongoni mwao. Wale hawakufahamu? Nawawi, ambaye Minhaji yake imewalea wanafunzi wa fiqhi wa pwani hii vizazi kwa vizazi, alilijibu jambo hilo kwa utulivu katika kitabu chake cha adabu za wabeba Qurani: kiasi hutofautiana kwa hali za watu, mwenye kuchimbua maana ndogo ndogo asome kiasi asichopoteza ufahamu wake, na mwenye shughuli za umma asome kiasi kisichomzuia shughuli hizo. Jibu hilo linaikubali kasi ya wachache, kisha linaikatalia kuwa sheria ya wengi. Nami naongeza kwamba anayekwenda mbio katika kitabu anachokijua kwa moyo tangu utotoni si sawa na anayekwenda mbio katika kitabu anachokutana nacho leo. Wa kwanza anarudi kwao. Wa pili ni mgeni anayekimbia mitaa ya Mji Mkongwe kwa mara ya kwanza, akitoka Mkunazini mpaka Shangani bila kusimama, halafu akajigamba kuwa ameuona mji.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni namna hitima inavyofungwa. Msomaji akifika Surat An-Nas, sura ya mwisho, hafungi msahafu akasema basi. Kwa mila ya wasomaji hurudi saa ile ile kwenye Al-Fatiha na kuzisoma aya za mwanzo za Al-Baqara, kisha ndipo ikaja dua. Mwisho umeshonewa mwanzo. Kwa hiyo hata wakati namba inatimia, 114 imekamilika, mwenye kuhitimu anazuiwa asidhani kwamba amekitoka kitabu. Lengo la mwaka lina umbo la ngazi: kidato hiki umekikanyaga, kisahau, panda kingine. Hitima ina umbo la pete. Namba ni ile ile, lakini namba ya ngazi humpeleka mtu mbali na kitabu, na ya pete humrejesha.

Wanavyuoni wa Unguja walikuwa na ushahidi wao wa aina nyingine wa kwamba mtu amesoma. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyetufasiria Qurani nzima kwa Kiswahili, tafsiri iliyotimia mwaka 1969, ameacha pia kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Humo msomaji hukutana tena na tena na maelezo kwamba fulani alisoma kitabu fulani kwa fulani. Hicho kijineno "kwa" kina uzito. Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, na Bakathir ndiye aliyeiacha madrasa yake Ukutani, hawakumbukwi kwa idadi ya vitabu walivyomaliza. Wanakumbukwa kwa vitabu walivyovisoma kwa watu, na kwa watu waliovisoma kwao. Kitabu kilikuwa na nasaba. Ukitaka kujua uzito wa elimu ya mtu, unauliza alikaa mbele ya nani. Daftari la siku hizi lina safu ya jina la kitabu, ya mwandishi, ya tarehe na ya nyota tano; safu ya "kwa nani" haimo. Sisemi kila msomaji wa riwaya atafute sheikh wa riwaya. Lakini angalau amtafute mtu mmoja wa kumwuliza maswali, hata kama ni jirani wa barazani mwenye ulimi mkali.

Sasa twende kwa Bwana Msa, maana ndiko hoja hii inakopata mtihani wake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Saba kwa jumla, na kati ya chapa ya kwanza na ya mwisho ipo miaka 24. Msomaji mwenye lengo la vitabu 24 kwa mwaka atazipitia zote saba kwa majuma yasiyozidi kumi na sita, kazi ya karibu robo karne. (Na kwa kuwa tunazungumzia hesabu: neno la Ulaya la maandishi ya siri, cipher, cifra na mengine ya ukoo huo, limezaliwa na neno la Kiarabu sifr, ndiyo sifuri yetu. Aliyekipa kitabu jina la Siri ya Sifuri amecheza na ndoa ya zamani kati ya namba na fumbo.) Baada ya hapo atataka fumbo jipya, na hapo tatizo linaanza. Ipo Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, wapo akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa wa bara, lakini ghala ya upelelezi katika Kiswahili si kubwa. Mwenye kuhesabu atafika ukutani au atahamia Kiingereza. Wachache sana hufikiri njia ya tatu, ya kukirudia kitabu, kwa sababu daftari halikihesabu mara mbili.

Hasara ya kutokurudia ni kubwa katika upelelezi kuliko katika aina yoyote nyingine ya riwaya, na ni hasara ya kidini. Riwaya ya upelelezi huendeshwa na dhana. Mwandishi humweka msomaji mbele ya watu saba, wanane, akamfanya amdhanie kila mmoja: huyu ana choyo, yule ana wivu, huyu alionekana usiku. Ukifika mwisho, mwenye kosa ni mmoja au wawili. Waliobaki ulikuwa ukiwadhania bure. Surat Al-Hujurat, katika aya ya 12, inawaamrisha waumini wajiepushe na dhana nyingi, ikieleza kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Na aya ya 6 imekwisha kuwaagiza wahakikishe habari wasije wakawadhuru watu bila kujua. Msomaji wa kumaliza ameonja utamu wote wa dhana bila kulipa gharama yake. Muuaji amejulikana, kitabu kimefungwa, wasio na hatia hawakumbukwi hata majina. Anayekirudia hukutana nao upya, naye sasa anajua. Anaona neno lile lile alilolifanya ushahidi wa hatia lilikuwa neno la huzuni tu. Anaona ni wapi chuki yake mwenyewe, ya tabaka au ya kabila au ya sura ya mtu, ilimwongoza kabla ya mpelelezi. Usomaji wa pili ndio unaomtahini, na bila mtihani hapana kuhitimu. Agatha Christie alilijua hili kwa upande wa ufundi. Riwaya yake ya 1926 juu ya kifo cha Roger Ackroyd humlazimisha msomaji mwaminifu arudi nyuma aone kwamba aliambiwa kila kitu na hakusikia. Na Muhammed Said Abdulla, baada ya vitabu sita vya ushindi, alikipa cha saba jina lenye kosa la mpelelezi mwenyewe.

Mwenye elimu ataninasa hapa. Aya hiyo hiyo ya 12 inakataza pia watu kupelelezana. Vipi basi riwaya ya upelelezi iwe chuo cha adabu, ikiwa shujaa wake anaishi kwa jambo lililokatazwa? Pingamizi hili ni zito, na jibu lake liko ndani ya msahafu wenyewe. Surat Yusuf ina kesi ya upelelezi iliyo kamili. Kanzu ya Yusuf inaletwa na damu ya uongo katika aya ya 18, na baba haikubali habari ya wanawe. Kanzu inachanika katika aya ya 25, na shahidi anatoa kanuni: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke anayemtuhumu Yusuf amesema kweli; ikiwa nyuma, amesema uongo. Inatazamwa, imechanwa nyuma. Hapo hakuna kuchokoa aibu za watu. Kuna kutafuta dalili ili asiye na hatia atoke katika tuhuma. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Bwana Msa na mpiga chabo. Tena majina ya Abdulla humpeleka msomaji kwenye mizimu, na kwenye Giningi, ambako masimulizi ya Waunguja yanakufanya makao ya wachawi, halafu upelelezi ukamrudisha kwa mkono wa binadamu. Kwa imani ya Kiislamu funguo za ghaibu ziko kwa Mungu peke yake, kama ilivyo katika Surat Al-An'am, aya ya 59. Anayekiita kisa cha mauaji kuwa kazi ya mizimu ameitia siri ya mtu katika ghaibu ya Mungu, na muuaji hutaka hasa hivyo. Kuzitenganisha mbili hizo ni kazi ya tauhidi, hata ikifanywa na mtu mwenye kiko mdomoni.

Surat Yusuf inajibu pia lile neno la kawaida kwamba fumbo likishajulikana halina ladha. Kila mtoto wa chuoni wa Unguja anajua mwisho wa Yusuf kabla ya kuujua mwanzo wa hesabu za skuli. Bado watu hulia wakisikia kanzu ya tatu, ile ya aya ya 93, ikipelekwa kwa mzee aliyepofuka. Ikiwa kujua mwisho kungeua kisa, hiki kingekuwa kimekufa zamani.

Limebaki pingamizi moja ambalo sitalipunguza: bila idadi, watu wengi hawasomi kabisa. Mtu anatoka kazini amechoka, umeme umekatika, watoto wana kelele. Asipojifunga na namba, mwaka utapita na kitabu kiko chini ya mto. Ni kweli. Na ndiyo sababu uradi huwekwa kwa kiasi na kwa wakati. Lakini uradi ni kiasi cha siku, si cha mwaka, na thamani yake ni kudumu; hadithi mashuhuri inavitaja vitendo vinavyopendeza zaidi kuwa ni vile vya kudumu hata vikiwa vichache. Kurasa kumi kila usiku ni namba, tena namba kali. Haimsukumi mtu achague vitabu vyembamba Disemba ili lengo litimie, wala haimfanyi aogope kitabu cha kurasa mia tano. Namba ya mwaka hufanya yote mawili, na ikitangazwa kwa watu huongeza la tatu, riya, ambayo haihitaji maelezo kwa msomaji aliyesikia darsa hata moja. Surat At-Takathur imeshusha hukumu juu ya kushindana kwa wingi katika aya nane tu.

Kwa hiyo wewe uliyeweka lengo la vitabu mwaka huu, na lisibadilike, liache kama lilivyo. Ninachokuomba ni safu moja zaidi katika daftari lako, ya vitabu ulivyovirudia, na pembeni yake jina la mtu uliyezungumza naye juu ya kila kimoja. Kama unayo Mzimu wa Watu wa Kale na muuaji unamjua, anza na hiyo, usome ukiwatazama wale uliowadhania. Na safu hiyo ikibaki tupu mpaka Disemba, ile idadi ya safu ya kwanza usimtangazie mtu.